Ile taka tuliyookota Jumamosi ilienda wapi?



Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana tulikuwa vijana kama arobaini hivi, wengine kutoka Huruma, wengine Kamukunji, Langas na Kapsoya, tukashuka Mto Sosiani kuokota taka. Labda picha uliziona. Tulikuwa na glavu, buti za kukopa, na tisheti mpya ambazo, kusema kweli, ndizo zilizokula pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote siku hiyo. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumejaza magunia sitini na tatu. Idadi naijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Tukayapanga kando ya barabara, tukasimama nyuma yake, tukapiga picha, tukaenda kuswali. Jioni simu haikunyamaza. MashaAllah vijana wetu. Allah awalipe.

Lori tuliloahidiwa halikuja. Jumapili pia halikuja. Jumatatu nikapiga simu nikaambiwa mafuta hakuna, Jumatano nikaambiwa dereva ako likizo, baada ya hapo simu ikawa haishikwi. Wiki ya pili magunia yakaanza kupungua, nikafikiri Alhamdulillahi, kumbe yanabebwa. Kumbe walikuwa wanamwaga taka na kuenda na gunia. Gunia lina bei, taka haina. Wiki ya tatu mvua ikanyesha, ile mvua yetu ya Eldoret ya saa kumi isiyobisha hodi. Nilipita pale asubuhi yake. Palikuwa pasafi kabisa. Kila kitu kilikuwa kimerudi mtoni.

Hakuna aliyepiga picha siku hiyo. Hata mimi sikupiga.

Tangu hapo nina swali moja ambalo nauliza kila mahali mpaka wenzangu wameanza kunichoka. Nikialikwa kwa usafi nauliza. Nikiona pipa jipya limepakwa rangi nauliza. Inaenda wapi? Nataka na wewe uanze kuuliza, na ndiyo maana nakuandikia.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Honi zilipigwa mji mzima. Mimi pia nilifurahi, sitakudanganya, huu ni mji wangu na ninaupenda, na neno jiji lina utamu wake. Lakini taka za jiji zima hili bado zinategemea jaa moja linalojulikana, lile la Huruma. Fikiria hilo jina. Watu wanaishi karibu na jaa, watoto wanapita hapo kwenda shule, na jaa likiwashwa moto usiku moshi hauulizi nani ana pumu. Plastiki ikiungua hivyo, kwenye moto wa chini usio na joto la kutosha, inatoa sumu na vumbi jeusi laini linaloingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Anayeishi Elgon View halisikii hilo. Taka zake zinalisikia kwa niaba yake.

Sasa chukua chupa moja tu ya maji, nusu lita. Umeinunua steji, Uganda Road, unangoja matatu ya Nakuru. Umekunywa, umeitupa. Kuna njia tatu hapo.

Ya kwanza ni mtaro. Mvua ikija chupa inashuka Sosiani. Mto huu unatoka pande za Kaptagat ukiwa maji safi ya msitu, unapita katikati yetu, halafu unaingia Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, na Nzoia inamwaga Ziwa Victoria kule Budalang'i. Kwa hiyo ile chupa tuliyoiacha steji inaweza kuishia kwenye wavu wa mvuvi wa Busia ambaye hajawahi kukanyaga Eldoret maisha yake yote. Na ziwa nalo lina mlango, mlango wake ni Mto Naili, lakini hatuhitaji kufika Misri ndio tuone haya.

Njia ya pili ni Huruma, ambayo nimeshasema.

Njia ya tatu ndiyo tunaisifu tukisema risaiko, na ndiyo hatuielewi. Kuna mama mmoja ninayemjua anaokota plastiki. Simtaji jina kwa sababu hajaniruhusu, na pia kwa sababu watoto wake shuleni hawasemi mama yao anafanya kazi gani. Mimi nilikuwa na diploma na powerpoint nilipokutana naye. Yeye alinifundisha kwa robo saa akiwa amekalia gunia.

Chupa nyeupe ya maji ina soko. Chupa ya rangi ina soko dogo. Jerikeni, beseni lililopasuka, ndoo ya rangi ya nyumba, plastiki ngumu kwa jumla, hizo ni nzuri, ukizipata unashukuru. Ile karatasi nyembamba (ndiyo, sisi Wakenya tunaita karatasi kitu ambacho ni nailoni, na labda hapo ndipo tulipoanza kujidanganya) haichukuliwi na mtu. Pakiti za krispi, vipakiti vya shampuu na sabuni, vile vya kung'aa ndani kama fedha, hakuna anayetaka, kwa sababu ni tabaka kadhaa za vitu tofauti zimegandishwa pamoja na hakuna mashine mtaani ya kuzitenganisha. Daipa usiulize.

Halafu akaniambia hesabu. Chupa tupu ya nusu lita haifiki gramu ishirini. Maana yake kilo moja ni zaidi ya chupa hamsini. Fanya wewe hiyo hesabu: kuinama mara hamsini, kutoa mkono kwenye uchafu mara hamsini, kwa kilo moja, na bei ya kilo haipangi yeye. Inapangwa na mwenye skrepu, naye anapangiwa na mnunuzi wa Nairobi, na mnunuzi wa Nairobi anaangalia plastiki mpya inauzwaje, na plastiki mpya inatengenezwa kwa mafuta na gesi. Mafuta yakishuka duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi, na mama wa Huruma anaambiwa leo bei imeanguka. Ana uhusiano na bei ya mafuta ya dunia kuliko mwenye gari.

Kuna jambo lingine alinionyesha ambalo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Hewa. Ukijaza lori chupa zisizobanwa umebeba hewa. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na dizeli hailipwi kwa hewa. Ndiyo maana mahali pasipo na mashine ya kubana chupa ziwe mabunda, plastiki inabaki ilipo hata kama kila mtu ana nia njema. Sisi tulikuwa tunafikiri kinachokosekana ni uhamasisho. Kinachokosekana ni mashine ya kubana, kiwanja kilicho na paa, na mtu wa kulipa dizeli.

Kwa hivyo ukiona mtu anakuambia plastiki si shida, tutarisaiko tu, mwambie polepole. Watafiti waliohesabu plastiki ya dunia nzima tangu ianze kutengenezwa kwa wingi hadi mwaka 2015 walikuta kwamba katika taka zote za plastiki ni asilimia 9 tu iliyowahi kurejelezwa. Tisa. Na hiyo ni pamoja na Ulaya na Marekani wenye mapipa ya rangi tatu na malori ya kisasa. Zilizobaki zilichomwa, au ziko kwenye majaa, au ziko mitoni na baharini.

Sisemi kurejeleza ni upuzi. Sikiliza habari ya Lamu. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walishusha majini jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, karibu tani kumi, na kuvikwa ndala zilizopatikana ufukweni. Likaitwa Flipflopi. Mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likaletwa hadi Ziwa Victoria. Watu wa pwani waliokuwa na ujuzi wa mababu wa kuchonga mbao wakakaa chini wakaanza upya kujifunza plastiki inavyokatwa, inavyopinda, inavyoshika msumari. Mimi nikiangalia lile jahazi naona heshima. Na Nairobi kuna Nzambi Matee, ambaye alianzisha Gjenge Makers, wanachanganya plastiki na mchanga wanatoa matofali ya kuweka chini ambayo unaweza kuyaegeshea gari.

Lakini angalia vizuri. Jahazi moja, tani kumi. Waliolijenga wenyewe hawakusema kwamba watamaliza plastiki ya bahari kwa kujenga majahazi. Walikuwa wanasema plastiki ya kutumia mara moja ni ujinga, tuache. Sisi tukashika nusu ya ujumbe, ile nusu nzuri ya picha.

Nirudi nyuma kidogo. Unakumbuka kabla ya 2017? Kama uko chini ya miaka ishirini labda hukumbuki vizuri. Miti na nyaya za ua zilikuwa zimechanua karatasi nyeusi. Wachinjaji walikuwa wakipasua ng'ombe wanakuta mifuko tumboni, mnyama halali kabisa amekufa na njaa huku tumbo limejaa. Halafu tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza: kutengeneza, kuleta, kuuza au kutumia mifuko ile ya plastiki ya kubebea vitu, faini kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au jela mwaka mmoja hadi minne. Watengenezaji walienda kortini, wakashindwa. Na ile mifuko ikapotea madukani. Si ati Wakenya tuliamka siku moja tumekuwa wastaarabu. Ni sheria ilibana anayetengeneza, na sisi wengine tukazoea kubeba kikapu ndani ya wiki mbili.

Hilo ndilo nataka ulishike. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba taka ni tabia. Wewe mchafu, sisi watu weusi wachafu, mtaa wenu mchafu. Hata kwenye mimbari nimesikia. Tabia ipo, sikatai, na nitaifikia. Lakini mama mboga hakuunda chupa, na yule kijana wa bodaboda hakuchagua kwamba maji ya kunywa mjini yauzwe ndani ya kitu kitakachokaa duniani kuliko wajukuu wake. Kuna mtu alichagua kwa sababu ni rahisi kwake, na gharama ya kukiokota akatuachia sisi.

Na bado mifuko inarudi, tusidanganyane. Inapita mpakani Busia na Malaba, na sisi tuko kwenye hiyo hiyo barabara kuu. Pitia soko lolote hapa jioni utaona nyanya zinawekwa kwenye karatasi ya kung'aa. Anayeshikwa na kanjo ni nani? Ni yule mama mwenye karatasi ishirini chini ya meza. Mwenye marobota hujui hata sura yake. Na ile mifuko mingine inayofanana na kitambaa, ya bluu na ya kijani, ambayo tunajisifu nayo, jua kwamba nyingi ni polipropilini, yaani plastiki iliyovaa nguo.

Sheria sasa. Vumilia kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi kama vijana wa haki tunalala, na mimi nililala pia.

Mwaka 2022 Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Inasema mambo makubwa ambayo mtaani hakuna anayeyajua. Inasema taka zitenganishwe pale zinapotoka, zinazooza mbali, zisizooza mbali. Inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kukusanya na kuchambua vitu vinavyoweza kurejelezwa, si kutupa kila kitu shimo moja. Na inasema anayetengeneza au kuleta bidhaa anabeba jukumu la hiyo bidhaa mpaka baada ya wewe kuitumia, pamoja na kulipia ukusanyaji wake. Kanuni za kutekeleza hilo jukumu la mtengenezaji zilitoka 2024. Kwa lugha ya nyumbani: kampuni inayouza maji ya chupa Eldoret inatakiwa iwe na mkono kwenye kuitoa hiyo chupa Sosiani. Sio sadaka yao. Sio tisheti zao siku ya mazingira. Ni deni.

Halafu Katiba. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu uende kortini haki hiyo ikivunjwa, na hapa ndipo patamu, hulazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu ameumia au amepata hasara. Huhitaji kungoja mtoto awe na pumu ndio uwe na kesi. Jedwali la Nne linaweka kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa mikononi mwa kaunti, sio Nairobi. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa wewe raia, hata kama hujui wakili yeyote, ruhusa ya kuuliza ofisi ya umma swali kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21.

Mtu ataniambia Katiba ni karatasi nyingine tu. Basi nikupeleke Mombasa, Owino Uhuru. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Ona neno hilo: kurejeleza. Kilikuwa kiwanda cha kurejeleza, kilichopewa leseni, na moshi na maji yake vilipeleka sumu ya risasi kwenye damu ya watoto wa mtaa wa jirani. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake akanyonya sumu hiyo. Akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaja ikatikisa uamuzi huo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Miaka yote hiyo. Kuna watu walifariki wakingoja. Siwezi kukuambia ni hadithi tamu.

Lakini nimejifunza mawili pale. Neno risaiko si kibali cha usafi, lazima uulize nani anapumua huo moshi. Na watu wa mtaa wa mabati, wasio na jina, wakiandika, wakihifadhi makaratasi ya hospitali, wakisimama pamoja, serikali inasikia mwishowe hata kama masikio yake ni mazito.

Sasa tabia, maana niliahidi, na hapa naongea na nyumba yetu wenyewe.

Ramadhani iliyopita nilikaa nyuma ya msikiti mmoja hapa mjini baada ya Maghrib, nikasaidia kufagia. Msikiti siutaji, ingekuwa mwingine wowote ingekuwa vile vile. Usiku mmoja tulitoa mifuko mikubwa saba. Chupa ndogo za maji, nyingi zikiwa zimenywewa nusu tu. Glasi za plastiki za uji. Sahani za povu. Vijiko vyeupe vinavyovunjika kabla hata ya sambusa kuisha. Na yote yamechanganywa na wali, tende na mchuzi, kwa hiyo hata yule mama wa Huruma angekuja asingepata kitu cha kuuza. Saba mara siku thelathini. Tulifunga mchana kujizuia, na magharibi tukaacha nyuma yetu mlima. Kisha tukachukua udhu wa Isha kwa bomba lililofunguliwa mwisho.

Hapa sitakuhubiria, wewe unajua kuhusu israfu kuniliko, na kila mtoto wa madrasa amefundishwa kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Ninachosema ni kwamba hili tunalimiliki. Hakuna kampuni wala gavana anayetuzuia. Wamama wetu walikuwa na vikombe vya bati na sinia za kula watu sita, zikaoshwa, zikarudi kabatini, mwaka unaofuata zikatoka tena. Harusi za mtaani zilikuwa hivyo. Sinia haikuwa umaskini. Wakati fulani tuliamua kwamba mgeni anaheshimiwa kwa kupewa kitu cha kutupa, na sijui ni nani alituambia hivyo.

Kuna ubishi niliusikia na ni wa haki: nani ataosha? Kina dada. Kila mara ni kina dada. Vijana wa kiume tunapendekeza sinia halafu tunaenda kukaa kwenye mkeka. Basi mimi nasema anayependekeza aoshe. Tulijaribu usiku tatu za mwisho, wavulana kumi, mabeseni manne, sabuni ya mia mbili. Ilichukua dakika arobaini. Mzee mmoja alisimama akatuangalia kwa muda mrefu, kisha akakunja mikono ya kanzu akaanza kusuuza bila kusema neno.

Na kutenganisha taka si kitu cha wazungu. Serikali yenyewe imekadiria kwamba karibu asilimia 60 hadi 70 ya taka zetu ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya sima, sukuma iliyonyauka. Tuko Uasin Gishu, ndugu yangu, kaunti ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, kila mtu ana mjomba mwenye shamba anayelia bei ya mbolea. Ukitoa hizo zinazooza kwenye pipa, kinachobaki ni kidogo, kikavu, kisichonuka, na kina bei. Mifuko miwili jikoni badala ya mmoja, na yule anayeokota anapata chupa safi ya kuuza badala ya kuchimba kwenye mchuzi wako kwa mikono mitupu. Tulipoanza kufanya hivyo nyumbani mama yangu alilalamika siku nne. Siku ya tano nikamsikia akimgombeza ndugu yangu kwa kuchanganya.

Sasa unaniuliza, tusishuke mtoni tena? Tutashuka. Lakini kwa masharti. Hatuokoti gunia hata moja kabla ya kujua gari ni lipi, dereva ni nani, na linapelekwa wapi. Pesa za tisheti zinakodi lori. Wanaookota kila siku wanaitwa kabla yetu na kulipwa, kwa sababu wao ndio mafundi wa kazi hii na sisi ni wageni wa Jumamosi, na chupa zenye soko ni zao. Na tunahesabu kwa majina yaliyo kwenye lebo. Chupa ngapi za kampuni gani, pakiti ngapi za nani, tunaandika kwenye daftari, tunapiga picha ya daftari badala ya picha ya nyuso zetu. Hiyo orodha ndiyo inayomgusa mwenye deni.

Barua pia tumeiandika. Ni ukurasa mmoja, chini ya Sheria ya Kupata Habari, inaenda kwa kaunti, na ina maswali manne. Kituo cha kuchambua taka cha jiji la Eldoret kiko wapi au kitajengwa wapi? Ni nani amepewa kandarasi ya kuzoa taka katika wadi za Huruma, Langas na Kapsoya, na anatakiwa kuja siku gani? Jaa la Huruma lina mpango gani, na wakazi walishirikishwa lini? Ni kampuni gani za vinywaji zinazokusanya chupa zao ndani ya jiji hili? Hakuna matusi ndani yake. Hakuna mahali tumemlaumu mtu. Tunataka majibu yaliyopigwa muhuri, kwa sababu jibu lenye muhuri ni kitu unaweza kwenda nacho mahali.

Tunataka sahihi za watu wanaoishi karibu na jaa kwanza, kisha sisi wengine. Ijumaa baada ya Juma'a tutakuwa nje ya msikiti na meza, na Jumapili tutapita Huruma nyumba kwa nyumba, wavulana na wasichana. Yule mama amekubali kutembea nasi, mradi tusimpige picha. Njoo na kitambulisho, na kalamu yako, maana zetu huwa zinapotea. Siku 21 zitaanza kuhesabiwa asubuhi ile tutakayogongewa muhuri wa kupokelewa, na tarehe hiyo nitaiweka hapa siku hiyo hiyo.